Februari 27 Songea, pamoja na wazee wa Majimaji

Basi lilipoanza kukata kona za Lukumburu, hata waliokuwa wakikoroma waliamka. Tulikuwa tumeondoka Dar es Salaam alfajiri, tukapanda Kitonga, tukapigwa na baridi ya Makambako na Njombe, na sasa Madaba ilikuwa mbele yetu. Mama niliyeketi naye, aliyekuwa akirejea kwao Namtumbo, aliniuliza Songea nakwenda kwa nani. Nikamwambia nakwenda kwenye kumbukizi ya vita vya Majimaji. Alinitazama kidogo, akasema, "Kumbe unakuja msibani kwetu. Karibu, mwanangu."

Kesho yake niliuelewa usemi wake. Makumbusho ya Majimaji yako Mahenge, mjini Songea, na kiini chake ni makaburi. Mimi niliyesoma vita hivi shuleni kwa ajili ya mtihani, nilijikuta nimevua kofia bila kuambiwa.

Vita vilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, wananchi walipong'oa pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu na Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Agosti 4 mwaka huohuo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Huku Ungoni yaliletwa na mjumbe wake, Omari Kinjala, na aliyempokea alikuwa mwanamke, Mkomanile. Ninamtaja kwa makusudi, maana mara nyingi tukisimulia habari za manduna, yaani viongozi wa vita wa Wangoni, tunawataja wanaume peke yao. Mkomanile naye aliishia kitanzini.

Februari 27, 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapa Songea. Sitini na sita wamelazwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Wazee wanasimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, akakataa. Akasema auawe kama wenzake walivyouawa. Akanyongwa siku chache baadaye.

Watu walianza kufika mapema. Wazee wa baraza la mila walikuja na ngao za ngozi ya ng'ombe na mikuki, baadhi wamevaa ngozi begani juu ya makoti yao ya kila siku. Nilimsalimu mmoja wao, "Shikamoo, babu." Akaitika, akashika mkono wangu na hakuuachia mpaka alipojua ukoo wangu, baba yangu ni nani na babu yangu alizikwa wapi. Jibu langu kuhusu kaburi la babu lilimridhisha kuliko yale mengine yote.

Zilipigwa dua na sala kabla ya kuweka mashada na silaha za jadi. Sala ya Kikristo ina historia yake hapa. Padri wa Kibenediktini aliwabatiza wengi wa waliohukumiwa muda mfupi kabla ya kunyongwa, na hii ni miezi michache tu baada ya misheni ya Peramiho kuchomwa moto na wapiganaji. Leo wajukuu na vitukuu wao wapo Wakatoliki, wapo Waislamu, na makaburini wanasimama bega kwa bega, mila nayo ikipewa nafasi yake bila mtu kuona aibu.

Hotuba za viongozi zilikuwa ndefu. Kilichonigusa mimi kilitokea kando, wanafunzi wa shule ya msingi walipoletwa mbele ya majina. Mvulana mmoja alisoma haraka haraka, "Mputa." Yule babu akamsimamisha. "Mputa yupi? Mputa wa wapi?" Mtoto akanyamaza. "Sema Nkosi Mputa Gama." Akasema. "Sauti!" Akarudia kwa sauti, na wenzake wakaitikia. Walikwenda hivyo jina kwa jina, na babu hakuruhusu hata moja lipite bila ukoo wake. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, mwalimu anatazama saa, lakini hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kwangu mimi, kazi ya kuwaenzi mashujaa ni ile pale. Sanamu ni nzuri, jengo ni zuri, lakini bila mzee wa kumuuliza mtoto "Mputa yupi?", vyote hivyo vitakuwa mahali pa kupigia picha tu.

Halafu ngoma ya lizombe ikaanza, wanaume wakitwanga ardhi kwa miguu, vumbi linapanda, akina mama wakipiga vigelegele. Mama mmoja mtu mzima alicheza huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Mchana niliketi na wazee kivulini. Nilitaka kuuliza habari za njaa, maana Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa katika vita vile, wengi kwa njaa, yanafika watu 300,000. Lakini mazungumzo yao yalirudi kwenye kichwa cha Songea Mbano. Wanaamini kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapahapa, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea babu zao, akaahidi msaada wa kukitafuta. Miezi miwili kabla yake, Berlin ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu kutoka Kilimanjaro na ndugu walio hai. Wazee wanazijua habari hizo vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Msamaha tumeusikia," alisema babu. "Sasa tunangoja mtu wetu."

Nikamuuliza, kikipatikana watafanya nini.

"Tutamzika upya, sote tukiwepo. Na wewe uje."

Aliniandikisha namba yangu ya simu kwenye daftari la mjukuu wake, akahakikisha imeandikwa sawasawa. Kisha akaanza kunipangia safari ya Chandamali, kwenye pango ambalo nduna alikuwa akijificha, akaniagizia kijana wa bodaboda anayeijua njia.