Tulivyojipima kabla ya kuchukua mkopo wa nyumba

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa Shangani, Mtwara mjini, yenye vyumba vitatu na mwembe uliofunika nusu ya ua. Mwenyewe alitaka shilingi milioni 75. Mimi na mama Zuhura tulikuwa na akiba ya milioni 15, kwa hiyo zilibaki milioni 60 za kukopa benki, na afisa mikopo alipozitazama slipu zetu za mshahara alisema bila kusita kwamba tunakopesheka.

Neno hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu benki ilitazama kinachoingia kwenye akaunti zetu na haikuuliza kinachotoka kinakwenda wapi. Kwa riba ya asilimia 17 na muda wa miaka 15, marejesho yalikuwa takriban 923,000 kila mwezi, na hadi kumaliza tungekuwa tumelipa milioni 166. Tena riba yenyewe ilikuwa ya kubadilika. Nilipokokotoa kwa asilimia 19, marejesho yalipita milioni moja. Mishahara yetu baada ya makato, yeye akiwa mwalimu wa shule ya msingi na mimi nikifanya kazi bandarini, ilikuwa 1,610,000 kwa pamoja. Hapo bado sijagusa malipo ya mthamini, mwanasheria na bima.

Kaka yake mke wangu alituona waoga. "Shemeji, mikorosho ya Newala ipo, mnaogopa nini?" Nilimjibu kwa heshima kwamba benki hukata kila mwezi, ilhali fungu letu la korosho huja mara moja kwa mwaka, na bei yake haijui mtu. Nani huku kusini aliyesahau msimu wa 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo minadani, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi? Fedha za korosho tuliziondoa kwenye hesabu.

Wazo la kujaribu lilikuwa la mama Zuhura: tuishi miezi sita kama watu wanaodaiwa tayari. Tulichukua marejesho, tukatoa kodi ya 150,000 tunayolipa Chikongola, na tofauti yake, yaani 773,000, ikawa inaingia kila mwezi katika akaunti isiyo na kadi, huku yeye akiandika kila kitu kwenye daftari la shule lililobaki kurasa. Septemba na Oktoba tulitimiza, tukila dagaa hadi Zuhura akaanza kuuliza kama kuku wameisha mjini. Novemba tuliweka 600,000, Desemba 640,000. Januari, kwa ada, sare na madaftari, ilikuwa 210,000. Februari tulifiwa Newala. Nauli ya watu wanne, mchango wa msiba na siku tulizokaa matangani vilimaliza kila kitu, na katika ukurasa wa mwezi huo mke wangu aliandika sifuri kwa kalamu nyekundu, akaizungushia duara.

Wastani ulikuwa karibu 500,000 kwa mwezi. Tulijumlisha kodi, tukapata 650,000, kisha tukatoa 100,000 za matengenezo, kwa kuwa paa la nyumba ya kupanga likivuja humpigia simu mwenye nyumba, lakini lako likivuja unatafuta ngazi. Zilizobaki, 550,000, zingebeba mkopo wa kama milioni 35, si 60. Tulirudi Shangani tukasema tuna milioni 50. Mzee alicheka kwa adabu, akatuletea maji ya kunywa.

Hatukukopa. Tulinunua kiwanja kilichopimwa Mangamba kwa milioni 6, na kilichobaki, pamoja na fedha za ile miezi sita, kikaenda kwenye msingi na matofali. Boma sasa limefika kwenye lenta, na kodi ya Chikongola tunaendelea kuilipa. Mabati yatasubiri hadi Julai, maana Januari tumeshaijua.