Sarafu ya kwanza niliiua kwa ndimu

Sarafu yangu ya kwanza ya Bizanti, ile dola ya Roma ya Mashariki iliyotawaliwa kutoka Istanbul ya leo, niliiua mwenyewe. Kwetu Tanga sinia za shaba zilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka unajiona uso, nami nikadhani shaba ni shaba tu. Kumbe ile ngozi ya kijani na kahawia, iliyojijenga kwa miaka karibu elfu, ndiyo iliyokuwa imebeba maandishi. Nilipomaliza kusugua nilibaki na kidude chekundu, laini kama kifungo cha koti. Euro 18 zikaenda na maji.

Ya pili niliipata kwenye gulio la vitu vya kale hapa Berlin ninakoishi. Nilichagua iliyokuja na risiti ya mnada wa zamani, maana Uturuki inakataza kutoa vitu vya kale nchini, na mali ya magendo siitaki mkononi mwangu. Niliiloweka kwenye maji yaliyokenekwa, yale ya kutia kwenye pasi ya mvuke, wiki tatu, nikiyabadilisha mara kwa mara. Baada ya hapo nikatumia kijiti cha meno, basi.

Kuisoma ndiko kulikonitoa jasho. Haikuwa na mwaka wala jina la mfalme. Upande mmoja yupo Kristo kuanzia kifuani, ameshika Injili, nyuma ya kichwa chake duara lenye msalaba. Upande wa pili mistari minne ya maandishi: Yesu Kristo, Mfalme wa Wafalme. Pesa ya matumizi ya dola nzima, na mwenye dola hakujitaja! Sarafu za namna hii zilianza wakati wa mfalme Ioannes I Tzimiskes (969–976), zikadumu hadi mfalme Alexios I alipoibadilisha fedha yote mwaka 1092. Wakusanyaji huzigawa kwa herufi, kuanzia A.

Yangu ni ipi sasa? Usiku mmoja nilizima taa, nikalaza simu mezani na tochi yake ikimulika sarafu kutoka ubavuni. Herufi zikatoa vivuli. Pembeni mwa Kristo nikaanza kusoma EMMA… Emanueli! Nikaigeuza: juu na chini ya maandishi palikuwa na vijipambo vidogo, ambavyo mwanzoni nilividhania uchafu. Mizani ya sonara ikasema gramu 12. Kwa vile vijipambo na uzito ule, ikaangukia A2, kundi lililoanza enzi za Basileios II na nduguye Konstantinos VIII. Zilizobaki ni nukta kwenye jalada la Injili, maana hata hizo zina mafungu yake. Nilizihesabu mara nne, na kila mara idadi tofauti.

Asubuhi nikamtumia mama picha. Akanipigia papo hapo.

“Mbona chafu hivyo, mwanangu? Huko ndimu hakuna?”