Nilivyofuata godoro moja katika ripoti za London

Mimi ni bwana afya, na kwa miaka mingi nimenyunyizia dawa nyumba za wagonjwa wa kipindupindu, hivyo nilipoombwa kuwafundisha wanafunzi historia ya kazi hii niliona ni jambo jepesi. Nikafungua ripoti za madaktari wa afya wa parokia za London, yaani mitaa ya utawala ya jiji hilo, ambao mabaraza ya parokia yalilazimika kuwaajiri kwa sheria ya mwaka 1855, nikakuta majedwali tu: vyumba vilivyofukizwa, magodoro, mito, mablanketi. Nilijumlisha wiki nzima, kisha nikagundua kuwa nilihesabu vyumba kana kwamba ni nyumba, ikabidi nianze upya.

Kilichonikwamua ni kuziacha jumla na kulifuata godoro moja, nikiuliza yale ninayouliza kazini. Nani katoa taarifa? Kwa sheria ya 1889, daktari aliyemtibu mgonjwa wa ndui au dondakoo alipaswa kumwarifu daktari wa afya. Chumba kilifanywaje? Dohani ilizibwa, nyufa za milango na madirisha zikabandikwa karatasi, salfa ikachomwa katika chombo cha chuma kilichowekwa juu ya maji ili sakafu isiungue, na mlango ukafungwa kwa saa nyingi. Baadaye karatasi za ukutani zilibanduliwa na kuta kupakwa chokaa. Naamini kubandua na kupaka chokaa ndiko kulikosaidia zaidi, maana Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa bakteria, alikwisha kuonyesha mwaka 1881 kwamba moshi wa salfa hauziui spora za bakteria, yaani mbegu zake sugu.

Godoro lenyewe lilipakiwa kwenye gari la farasi la vitu vyenye maambukizi, likaingizwa katika tanuri la mvuke lililopenya ukuta, mlango mmoja ukiwa upande mchafu na mwingine upande safi, likatolewa upande wa pili na kurudishwa kwa gari jingine. Nilipouchora ukuta huo ubaoni, darasa zima lilielewa kwa nini milango ile miwili haikufunguliwa kwa pamoja.

Mwanafunzi mmoja akauliza: familia ililala wapi? Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata katika sheria ya afya ya London ya mwaka 1891, iliyoyataka mabaraza yatakase matandiko bila malipo na kuwapatia hifadhi ya muda waliolazimika kutoka nyumbani ili dawa ipigwe. Fomu ninayojaza kazini haina nafasi ya swali hilo, kwa hiyo naliandika pembeni kwa mkono kila ninapofunga mlango wa watu.