Nilivyowatembeza Wadogo Zangu Nakuru na Kisumu Bila Kumaliza Akiba

Mama mdogo anaishi Likoni, Mombasa. Wanawe walipomaliza kidato cha nne walitaka kuiona bara, wao na rafiki zao, na kwa kuwa mimi nakaa Nakuru, kazi ya kuwapokea ikawa yangu. "Mwanangu, hao si watalii," aliniambia kwa simu. "Pesa yao ni ya kuhesabu." Niliipokea kazi hiyo kwa moyo wote. Inaniuma kuona vijana wakipita Nakuru na Kisumu bila kuona chochote zaidi ya steji ya matatu, kisha wakisema kwamba Kenya ya kutalii ni Diani na Maasai Mara.

Nilijiwekea utaratibu. Katika kila mji tungelipia kitu kimoja kikubwa, na vilivyobaki viwe vya bei nafuu au vya bure. Halafu siku niliipanga kwa kufuata jua: asubuhi wanyama na mlima, mchana makumbusho penye kivuli, jioni maji.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, na kitu chake kikubwa hakina mjadala: Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyo jirani kabisa na mji. Huruhusiwi kuzunguka humo kwa miguu, kwa hiyo tuliajiri gari moja la kufunguka paa, bei tukaipatana jana yake, tukagawana. Ada ya kuingia nililipa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kabla hatujaondoka nyumbani, kwa sababu langoni hawapokei noti. Beba kitambulisho, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa.

Kuna jambo niliwaeleza mapema ili wasivunjike moyo. Picha za zamani zinaonyesha ufuo mzima ukiwa rangi ya waridi kwa heroe, wale flamingo. Tangu miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda sana, yamemeza hata lango kuu la zamani, na magadi yakapungua nguvu. Mwani wanaoula heroe ukapungua pia, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Utawaona, ila si kwa wingi ule. Lakini vifaru! Mbuga imezungushiwa ua, na vifaru weusi na weupe wanalindwa humo. Tulimkuta kifaru mweupe akila kando ya barabara, dereva akazima injini. Tukasikia nyasi zikikatika mdomoni mwake, krap, krap, naye hajali. Hakuna aliyekumbuka kutoa simu apige picha, na hilo nililiona kuwa sifa kubwa kwa mbuga yoyote.

Mchana niliwapeleka Hyrax Hill, kando ya barabara kuu ya Nairobi, umbali mdogo kutoka mjini. Mahali hapa panapitwa na maelfu ya magari kila siku, na ndipo ninapopapenda kuliko pote Nakuru. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937, akakuta mabaki ya watu wa enzi za mawe na makaburi yao. Kuna makumbusho madogo yenye vyungu na zana za mawe, halafu unapanda kilima kwa miguu. Juu ya mwamba kuna bao. Bao lenyewe, mashimo yamechongwa kwenye jiwe kwa mistari, na mvua za miaka mingi zimeyalainisha kingo. Mdogo wangu wa pili, ambaye hucheza na wazee barazani kwao, alichuchumaa akapitisha kidole shimo hadi shimo, kisha akaniuliza, "Dada, kumbe hata huku?" Tulikaa pale muda mrefu tukibishana ni nani aliyekaa upande upi. Kijana wa Kiswahili akifika Nakuru asipelekwe hapa, amenyimwa kitu.

Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji, tulienda alfajiri iliyofuata, kabla jua halijawa kali. Boda boda hupanda hadi karibu na ukingo. Kasoko lile, yaani shimo la volkano, lina upana wa kilomita kama 12 kwa 8, na ukisimama juu unaona mawe meusi ya volkano, misitu, na mvuke ukitoka kule chini ambako kunachimbwa visima vya umeme wa jotoardhi. Wenyeji husimulia vita vya Wamaasai wa karne ya 19, koo mbili zikipigana hadi mashujaa wakasukumwa shimoni. Nendeni kama kundi, maana njia ya msituni ina upweke, na msikaribie ukingo kwa ajili ya picha. Ngome ya Lord Egerton kule Njoro tuliiacha. Ni jengo zuri, ila ingetula nusu siku na nauli.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu nilichagua matatu ya asubuhi kupitia Kericho. Kaa dirishani. Majani chai yanafunika vilima hadi macho yanachoka, halafu barabara inashuka, joto linapanda, na ghafla uko Ahero kwenye mashamba ya mpunga.

Kisumu, reli ilifika mwaka 1901, na hadi leo mji umeelekea bandarini. Hapa kitu chetu kikubwa kilikuwa mashua pale Dunga, ufuo wa wavuvi kwenye Ziwa Victoria. Lakini kwanza, kwa sababu ya jua la saa sita, tuliingia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Yana nyumba ya nyoka, na yana boma zima la Kijaluo la kuingia na kutoka: nyumba ya mke wa kwanza ikitazama lango, vibanda vya wana karibu na mlango, ghala za nafaka. Tukatoka tukaenda Hifadhi ya Impala iliyo ufukweni. Ni ndogo, haifiki hata nusu kilomita ya mraba, ila tofauti na Nakuru hapa unatembea kwa miguu yako, na swala wanakula hatua chache kutoka kwako.

Jioni, Dunga. Mashua patana kwa chombo kizima, usipatane kwa kichwa, na usipande kabla ya kupewa jaketi la kuokolea maisha, hata kama unajua kuogelea kama hawa wangu wa Likoni. Nahodha alitupitisha kando ya mafunjo, akatuonyesha ndege mmoja baada ya mwingine, na kwa mbali masikio ya kiboko. Akakataa kusogea zaidi, nami nikamheshimu kwa hilo. Mdogo wangu mkubwa alichota maji kwa kiganja akaonja. "Maji yote haya, na hayana chumvi!"

Kwenye vibanda vya samaki unachagua mwenyewe akiwa mbichi, unapatana, ndipo anapikwa. "Mama, huyu ngege ni ngapi?" "Huyo ni wa watu wawili, mwanangu. Chukua huyu mkubwa mle wote." Alikuwa sahihi. Alimkaanga akakauka, akamrudisha kwenye mchuzi wa nyanya, ugali ukaja na sukuma, na mkono ndio kijiko. Wenzangu wa pwani walitafuta nazi kwenye mchuzi, hawakuiona, wakamaliza sahani.

Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana kando ya barabara ya Bondo, ni kama kilomita 30 kutoka mjini. Tulifika mapema, tukalipa kiingilio na kijana mwelekezi wa hapohapo, tukajipenyeza kati ya mawe hadi juu. Ndani ya mianya kulikuwa na waumini wanaofunga na kusali, kwa hiyo tulishusha sauti na hatukupiga picha za watu. Vaeni viatu vya kushika, si malapa.

Siku ya kuondoka niliiweka Jumapili kwa makusudi, kwa sababu ndiyo siku soko la Kibuye linafurika. Mitumba, vyungu, viti vya mbao, dagaa wa ziwani wanaoitwa omena. Akiba ilikuwa bado inatosha kila mmoja anunue kitu. Mama mdogo alipelekewa omena, kilo mbili, na jioni wakapanda basi la Mombasa.