Nilivyotega, nikanaswa mwenyewe

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa tunakutana barazani kwa shemeji yangu: makundi mawili, kahawa, kashata na chemsha bongo. Safari hiyo zamu ya kutunga maswali ilikuwa yangu. Ya miji mikuu na washindi wa Kombe la Dunia nilikuwa nimeyachoka, maana watu wameshayakariri. Nikaamua swali la mwisho, la alama kumi, liwe la maandishi ya siri.

Kwanza nilifikiria kinyume, ile lugha ya utotoni ya kutanguliza silabi ya mwisho, "nipe maji" ikawa "peni jima". Nikaona hapana, hawa wote wameiongea tangu wadogo, wangeimaliza kahawa haijapoa. Nikachukua njia ya Julius Caesar, yule mtawala wa Roma ya kale: kila herufi unaisogeza nafasi tatu mbele, A inakuwa D, B inakuwa E, ukifika mwisho unaanza upya. Si siri ngumu. Tangu karne ya 9 mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad alishaeleza namna ya kuivunja: hesabu herufi zinazojirudia, ulinganishe na zile zinazojirudia katika lugha yenyewe. Na Kiswahili kinajianika chenyewe, A zimejaa kila kona. Hilo nililitaka, kwa sababu fumbo lisilofumbulika mbele ya marafiki ni uchoyo tu.

Basi nikaandika alfabeti yetu, herufi 24, bila Q wala X, nikasogeza kitendawili kimoja. Kikatoka hivi:

NYNY ADRJY DPHWDJLD PALEDRL

Nililala nikijisifu.

Siku ya mchezo nikapaza sauti, "Kitendawili!" Wakajibu, "Tega!" Nikagawa karatasi. Kijana wa kundi la shemeji akahesabu D, akazikuta tano, akasema, "D ndiyo A, tumesogezwa tatu." Nikatabasamu. Dakika chache baadaye akaja na hii:

KVKV XAOGV AMETAGIA MXIBAOI

"Kaka, hii lugha gani?" Kicheko. Mimi jasho linanitoka, maana neno moja limenyooka kabisa na mengine yamevurugika. Nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza ndipo nikaelewa. Yeye alitumia herufi 26, zile za kwenye simu yake. Kwangu N ikisogea tatu inaruka pale ambapo Q ingekaa, inatua kwenye R. Kwake R inarudi kwenye O. Herufi zinazoharibika ni sita tu, N, O, P na U, V, W, na neno "ametagia" halina hata moja kati ya hizo. Maneno mengine ya kitendawili changu yanazo tele.

Kabla sijakiri kosa, mama mdogo, ambaye muda wote alikuwa upande wa pili akimenya karanga, akauliza, "Huyo aliyetagia ni nani?" Akasomewa lile neno tena. "Si kuku huyo! Kuku wangu ametagia mwibani. Nanasi!"

Shemeji akasimama. "Shikamoo mama, lakini hapo hamkufumbua, mmedandia jasho letu!" Mama mdogo akamwambia, "Marahaba mwanangu, swali limetaka jibu au limetaka jasho?" Mabishano yakaenda mpaka birika likaisha. Mwishowe nikagawa alama tano kwa tano, na pande zote mbili zikaninunia.

Siku hizi karatasi ya fumbo naiandikia alfabeti yake juu kabisa, herufi zote, na maneno yenye N na W nayapitia mara mbili. Halafu usiku wa kuamkia mchezo nampa mpwa wangu wa darasa la sita ajaribu, bila kumwambia chochote. Akikwama mahali ambapo sikutaka akwame, narudi mezani. Ujira wake ulikuwa kashata mbili. Juzi amedai tatu.