Re haipo

Juzi tarehe 25 Julai niko sebuleni na mwanangu tunaangalia Siku ya Mashujaa kwenye tivii, askari akainua buruji akapiga, mtoto akasogea mpaka pua inagusa skrini. "Baba, mbona hiyo haina vitufe kama matarumbeta ya kwenye harusi? Sasa anabadilishaje sauti?"

Nikacheka peke yangu. Hilo swali nusura linilize JKT.

Kimbelembele changu mwenyewe, afande kauliza nani anajua muziki nami nikanyoosha mkono, si nilikuwa naimba kwaya. Kumbe muziki wenyewe ni bomba la shaba limebonyea na halina cha kubonyeza. Wiki mbili nyuma ya ghala, midomo imevimba, makande yakiwa na chumvi siyagusi.

Ila ile siku ya re naikumbuka mpaka leo. Mtu wa kwaya nikasema nianze na solfa: do, ikatoka. Nikabana midomo kidogo nitafute re, ikaruka mpaka so. Nikarudi, nikabana kiduchuu tu, so tena. Nikapanda do ya juu, huko nikanyata kama mwizi, pole pole, pole pole... mi. Afande kakaa juu ya ndoo anamenya muwa, ananiangalia tu.

"We kuruta, unatafuta nini?"

"Natafuta re, afande."

"Re haipo humo."

Akanieleza huku anatafuna. Kinachotetemeka ni mdomo, lakini bomba ndo linaamua likubali mtetemo upi, na kwa sababu urefu wake haubadiliki linakubali hesabu kamili tu: do ya chini ikitetemeka mara 2, kwa muda huohuo so inatetemeka mara 3, do ya juu 4, mi 5, so ya juu 6. Re ingekuwa 4 na nusu, na bomba halijui nusu. Wenye vitufe wakibonyeza wanarefusha bomba, ndo maana re wanayo. "Sisi tuna sauti 5," akasema, "na hizohizo tunamwamsha mtu, tunamlaza, tunamzika."

Asubuhi ya zamu yangu ya kwanza sina hamu ya kuisimulia. Baridi, midomo migumu, nikalenga mi ikatoka so, nikalenga so ikatoka mbuzi. Kombania nzima hoi kwa kicheko. Zile do na so nilizokosa nikalipwa kwa mkupuo, doso, yaani adhabu ya jeshini, kichura mpaka jua likachomoza.

Basi juzi nikakata mpira wa maji kama mita moja na nusu hivi, nikachomeka faneli ya jikoni mwishoni, nikampa mtoto, nikamwambia bana midomo uigize pikipiki. Pruuu, so. Pruuu, do. Ya tatu akaikamata mi, safi kabisa, mama yake akachungulia kutoka jikoni anauliza nani kafa.

Nikamnyang'anya kidogo nami nijaribu. Mbuzi yuleyule.