Barua ya Breki Iliyobaki Japani

Jioni moja ya mwezi wa Ramadhani, nikiwa katika mteremko wa kushukia feri ya Likoni, Mombasa, dereva wa tuktuk aliyekuwa nyuma yangu alishuka, akaja hadi dirishani na kuniamkia kwa adabu kabla ya kueleza kilichomleta. "Shikamoo mzee. Nimekaribia kukugonga mara mbili. Ukikanyaga breki, nyuma hakuwaki kitu." Nilidhani anazungumzia balbu moja iliyoungua, nikamshukuru na kumwambia kwamba nitaibadilisha kesho. Akatikisa kichwa, akaenda kusimama nyuma ya gari na kuniashiria nikanyage. Nilikanyaga, nikaachia, nikakanyaga tena. Aliporudi alikuwa amenyoosha vidole vitatu, akavikunja kimoja kimoja mbele ya macho yangu: ya kulia hakuna, ya kushoto hakuna, na ile ya juu kwenye kioo nayo hakuna.

Wanaovuka Likoni wanaujua mteremko ule, jinsi magari yanavyobanana na kila moja kusogea hatua mbili kisha likasimama. Aliye nyuma hana muda wa kukisia: akiona nyekundu anasimama, asipoiona anaendelea kuteremka. Kilichonisumbua usiku ule hata nikakosa usingizi ni kwamba sikuwa na njia yoyote ya kujua nimeendesha kwa siku ngapi katika hali hiyo. Taa ya mbele ikizimika utaliona giza mwenyewe, na honi ikikatika utaibonyeza usiisikie, lakini taa za breki zinaonekana na kila mtu barabarani isipokuwa yule anayezikanyagia.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa umeme wa magari ninayemtegemea, ambaye hufanyia kazi chini ya mwembe huko Kongowea. Nilikuwa nimenunua balbu tatu njiani, naye alipoziona alicheka. "Balbu tatu hazifi siku moja, mzee," akasema, kisha akalala chali kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya usukani na miguu nje ya mlango, akatafuta swichi ndogo iliyofungwa juu ya pedali ya breki. Alichomoa plagi yake, akaunganisha nyaya mbili kwa kipande cha waya alichokichuna kwa meno, na papo hapo ukuta uliokuwa nyuma ya gari ukawa mwekundu. Balbu zote zilikuwa nzima, fyuzi ilikuwa nzima, na mkosaji alikuwa kidude cha plastiki kidogo kuliko kiberiti. Alikifungua kwa ncha ya kisu ili anionyeshe: ndani mlikuwa na vipande viwili vya metali vinavyopaswa kugusana kila pedali inaposhuka, na kimoja kilikuwa na doa jeusi mfano wa masizi ya sufuria.

Hapo ndipo nilipokumbuka betri. Kwa muda wa miezi miwili kabla ya siku ile, gari lilikuwa likigoma asubuhi: nabonyeza kitufe cha kuwashia, taa za dashibodi zinawaka, lakini injini haizunguki; nikiinua mguu na kukanyaga breki upya mara nne au tano, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Nilihukumu kwamba betri imechoka, nikanunua mpya, na ugomvi ukaendelea. Fundi alinieleza kwamba gari la kitufe haliwashi injini mpaka kompyuta ipate habari kwamba breki imekanyagwa, na habari hiyo inapitia swichi ile ile ya taa. Hata mkono wa gia, unapokataa kutoka kwenye P, yaani nafasi ya kuegesha, mara nyingi unangoja ujumbe huo huo. Gari lilikuwa limenipa taarifa kwa miezi miwili, nami nikaipeleka kwa muuza betri.

Aina ya gari langu siitaji, kwa sababu swichi ile ilikuwa imezeeka tu, na mwenye kiwanda hakunikosea kitu. Lakini kisa hicho kilinifanya nianze kusoma habari za swichi za breki, na nilichokikuta kinawahusu watu wengi wa huku kwetu kuliko wanavyodhani.

Mwishoni mwa Februari 2019 kampuni ya Subaru ilitangaza wito wa kurejesha magari gereji yakarekebishwe kasoro, uliokuwa mkubwa kuliko wowote katika historia yake, wa takriban magari 2,300,000 duniani kote, ambapo kama 1,300,000 yalikuwa Marekani na zaidi ya 300,000 yalikuwa Japani kwenyewe. Orodha ya Marekani ilitaja Forester za 2014 hadi 2016, Impreza za 2008 hadi 2016, na Crosstrek za 2013 hadi 2017, ambazo Japani ziliuzwa kwa jina la XV. Kosa lilikuwa katika swichi ya taa za breki, na chanzo chake ni cha ajabu kidogo. Mvuke wa silikoni unaotoka katika bidhaa za kawaida za nyumbani, kama vile vipodozi na dawa za kulainishia nguo, unaweza kupenya ndani ya swichi hiyo. Kila vipande viwili vya metali vinapogusana au kuachana, cheche ndogo mno huruka kati yake. Cheche hiyo huunguza mvuke, na kinachobaki ni utando wa silika, kitu cha jamii moja na mchanga na kioo, kisichopitisha umeme. Utando huongezeka kidogo kidogo mpaka siku moja vipande vinagusana na umeme haupiti. Breki zenyewe zinashika barabara kama siku zote, gari linasimama vizuri kabisa, na tatizo linabaki kwa yule anayekuja nyuma. Dawa yake ilikuwa kuweka swichi nyingine iliyozibwa vizuri zaidi, kazi isiyomchukua fundi muda mrefu.

Subaru hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2013 Hyundai na Kia waliita karibu magari 1,700,000 nchini Marekani kwa sababu ya swichi ya breki pia, ambayo iliweza pia kuuzuia ule mfumo wa kushikilia mwendo (cruise control) usijizime dereva anapokanyaga pedali. Mwaka uliofuata General Motors waliita magari yapatayo 2,400,000, yakiwemo Chevrolet Malibu na Pontiac G6, ambayo nyaya zake zilipata kutu kwenye maungio, na taa za breki zikaweza kuwaka bila kukanyagwa au kukataa zinapokanyagwa. Hayo yalikuwa magari ya usukani wa kushoto, ambayo hatuyaoni hapa. Forester na Impreza ni jambo jingine. Sidhani kuna mtaa wa Mombasa au Nairobi usio na Subaru, hata ukiziacha zile zinazonguruma usiku wa Ijumaa mpaka watoto wakaamka.

Wito wa namna hii, katika nchi gari lilikouzwa likiwa jipya, ni jambo jepesi. Kampuni inatafuta jina la mwenye gari katika daftari la usajili, inamwandikia barua, naye anapeleka gari na kutengenezewa bila malipo. Kila kitu kinategemea barua kufika mlangoni. Sasa lifikirie gari lililosajiliwa Japani mwaka 2016, likatumiwa na familia moja huko kwa miaka mitano au sita, kisha likauzwa mnadani. Kabla ya kupanda meli usajili wake wa Japani hufutwa, na cheti cha kufutwa kwake ndicho kinachosafiri nalo. Kenya inakubali magari yasiyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo gari hilo liliweza kuteremshwa bandarini Kilindini hadi mwaka 2023, miaka minne baada ya wito kutangazwa. Ikiwa mwenyewe wa kwanza alipuuza barua, au alikuwa amehama, au gari lilikuwa tayari kwenye uwanja wa mnada barua ilipofika, basi wito ulibaki kule na swichi ikaja huku. Mimi na wewe tunaonunua hapa hatumo katika daftari la mtu yeyote mwenye wajibu wa kutuandikia.

Najua atakayesema kwamba magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Ni kweli hukaguliwa, nami siwalaumu wakaguzi. Lakini swichi yenye utando haikatai kila mara. Langu lilikuwa likigoma mara ya kwanza na kuwaka mara ya tano. Mkaguzi anayekanyaga pedali mara moja au mbili na kuona taa zimewaka ana haki ya kutia tiki na kwenda kwenye gari linalofuata.

Njia iliyobaki ni kuitafuta barua mwenyewe, na hapo wengi hukwama kwa jambo dogo. Wanaingia katika ukurasa wa serikali ya Marekani unaotafuta miito kwa namba ya gari, wanaandika namba ya chasisi iliyo kwenye logibuku, nao ukurasa unaikataa kwa kuwa unataka herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani halina namba ya aina hiyo. Lina namba ya chasisi iliyo fupi zaidi, yenye alama ya modeli, kistari, kisha tarakimu. Forester ya wakati huo yenye injini ya lita 2.0 isiyo na tabo (turbo), kwa mfano, huanza na SJ5. Namba kama hiyo inatafutwa kwenye ukurasa wa kampuni wa Kijapani, ambapo sehemu ya kwanza na sehemu ya pili huandikwa katika visanduku viwili tofauti. Ukurasa umeandikwa Kijapani kitupu, lakini simu ya kawaida siku hizi inaweza kuufasiri kwa kiasi cha kutosha.

Nimeyafanya haya na jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye alinunua Forester ya 2014 kwa fedha za kiinua mgongo chake na kuitunza kama mtoto. Tulikaa barazani kwake, yeye akinisomea namba kutoka kwenye logibuku kwa sauti ya darasani, tarakimu moja moja, mimi nikiandika. Jibu lilipotoka tulilifasiri mara mbili ili tuwe na hakika: gari lake lilikuwamo katika wito, na kazi ilikuwa imeshafanywa Japani kabla halijasafiri. Alivuta pumzi, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Kwa hiyo mwanangu, kuna mtu kule asiyenijua aliyeacha shughuli zake siku moja akalipeleka gari langu kwa fundi?" Nikamwambia ndivyo. Akaingia ndani na kurudi na kahawa.

Ukurasa ukikujibu kwamba kazi haijafanywa, mambo hayajaharibika. Swichi ya pedali ni spea ya kawaida, na mwenye gari la aina hizo anapaswa kuiulizia ile iliyotolewa baada ya wito, kwa sababu duka la spea zilizotumika linaweza kumuuzia swichi ya zamani iliyotolewa katika gari jingine lenye ugonjwa ule ule. Kuisugua kwa msasa ni kujidanganya. Yangu ilisuguliwa kwanza, ikadumu wiki mbili. Na ukiwa mtu wa kupeleka gari kuoshwa kila Jumamosi, angalia kile kinachopuliziwa ndani baada ya kuoshwa. Nyingi ya dawa za kung'arisha dashibodi zina silikoni ndani yake, ndiyo inayoleta ule mng'ao wa mafuta, na madirisha yakifungwa gari likaachwa juani mchana kutwa, sijui kama kuna mahali panapofaa zaidi kwa mvuke kukusanyika. Mimi nimewaambia vijana wanaonioshea gari watumie kitambaa chenye maji tu. Wananiona bahili.

Upimaji wenyewe hauhitaji fundi. Rudisha gari kinyumenyume hadi karibu na ukuta au geti giza likishaingia, angalia kioo, ukanyage. Usikanyage mara moja. Kanyaga mara kumi, mara nyingine kwa nguvu na mara nyingine kwa kugusa tu, kwa sababu swichi inayoanza kufa huonyesha udhaifu wake unapogusa kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, aliye nyuma yako anasafiri karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ya kungoja mwanga usiokuja ni urefu wa magari matatu.

Jirani yangu ana geti la mabati lililopakwa rangi nyeupe, na ingawa nilimweleza kwamba swichi yake ni mpya na salama, hakuacha. Kila jioni akishaliingiza gari lake namsikia amenyamaza bila kuzima injini, kisha mabati yanakuwa mekundu, yanazima, yanakuwa mekundu tena. Mimi hujikuta nahesabu. Mara nyingi hufika kumi na mbili.